Pikipiki Kuukuu ya Kwanza: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Kushika Spana

Pikipiki iliyolala miaka chini ya mwarobaini kule Veyula, au nyuma ya nyumba Nkuhungu, hapa Dodoma, mara nyingi haijafa. Imeziba, imekauka na imeota kutu mahali ambapo mtu mwenye spana za kawaida anaweza kufika. Kinachoimaliza ni mwenyewe mpya. Siku ya kwanza anaifungua yote, anatia nati zote kwenye kopo moja, na kuanzia hapo hajui tena kama injini ilikuwa na mgandamizo, kama koili ilikuwa inatoa moto, wala bolti ipi ilitoka wapi. Vipande huishia kwenye kiroba na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Kwa hiyo anayeanza namwambia jambo moja kabla ya yote: iache pikipiki ikiwa nzima mpaka iwake, au mpaka vipimo vikuoneshe bila shaka kwa nini haiwezi kuwaka.

Kwa mradi wa kwanza tafuta ukoo wa Honda CG125. Honda walianza kuitoa mwaka 1976, wakiwalenga watu wa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na huduma huja kwa kuchelewa. Injini ina silinda moja ya cc 124 na haina cheni ya taimingi. Kamu, shafti inayofungua valvu, iko chini, na valvu husukumwa na fimbo mbili zinazopanda ubavuni mwa silinda. Maana yake unaweza kuvua hedi na silinda bila kugusa taimingi ya kamu, na hilo peke yake linamwokoa fundi mgeni na balaa kubwa. Wachina waliiga injini hiyo, na nyingi za pikipiki zao zilizoingia Dodoma zinabeba damu yake. Soma maandishi kwenye kasha la injini: 156FMI ni ya 125, yenye pistoni ya milimita 56.5, 162FMJ ni ya 150, yenye pistoni ya milimita 62. Namba hizo hazielezi mfumo wa valvu, hivyo hakikisha kwa macho: injini ya cheni ya taimingi ina kikaza cheni kilichofungwa kwenye silinda, CG haina. Injini za kuchanganya oili na petroli ni nzuri na zina wapenzi wake, lakini kuzipatia vipuri ni kazi nyingine kabisa. Ziache kwa mradi wa pili.

Kabla hujatoa hela, omba kadi. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo ya usukani. Isugue kwa kitambaa chenye petroli na uilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Namba ya injini iko kwenye kasha la chini. Ukiona tupa imepita juu ya namba ya fremu, ondoka, hata kama bei ni ya kuokota. Ukiona injini imebadilishwa, ujue utahitaji kulinyoosha hilo TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya kubadili umiliki. Kisha chungulia sehemu mbili ambazo wauzaji hawazitaji: kasha la injini nyuma ya sproketi ndogo, ambako cheni ikikatika hupasua aluminiamu, na chini ya tanki karibu na koki, ambako kutu hutoboa kutoka ndani. Taa, siti na madigadi visikutishe, hivyo hununuliwa.

Vifaa ni vichache. Spana na boksi za 8, 10, 12, 14, 17 na 19, boksi ya plagi ya milimita 18, kwa kuwa plagi za injini hizi zina uzi wa milimita 12 na kichwa cha 18, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), multimeta, kipimo cha mgandamizo chenye kiunganishi cha uzi wa 12, na bisibisi ya nyota ya kugonga kwa nyundo. Hiyo ya mwisho usiidharau. Skrubu za makava ya injini kuukuu zimeng'ang'ania, na bisibisi ya kawaida itakula vichwa vyake dakika ya kwanza. Paka mafuta ya kulegeza kutu, subiri usiku mzima, gonga, kisha zungusha. Zikitoka, weka bolti za alenki badala yake. Kila kava unalofungua lipige picha kwa simu, na nati zake zikae kwenye kifuko chake chenye jina.

Anza na kiki, ukiisukuma kwa mkono. Ikigoma kabisa, usiirukie kwa mguu, maana meno ya shafti ya kiki hukatika na hapo ndipo injini italazimika kupasuliwa katikati. Toa plagi, mimina vijiko vitatu vya chakula vya dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya gia za otomatiki, iache siku mbili au tatu. Kisha weka gia ya nne na sukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma kidogo kidogo. Ringi zilizoshikwa na kutu huachia kwa subira. Ikiachia, funika tundu la plagi kwa kitambaa na piga kiki polepole hadi mchanganyiko wote utoke, halafu mwaga oili ya zamani na weka mpya.

Sasa vipimo, na mpangilio wake haubadiliki: mgandamizo, moto, mafuta. Ukianza na kabureta kwa sababu ndiyo rahisi kufikia, unaweza kuisafisha wiki nzima kwenye injini ambayo valvu zake hazifungi.

Fungua plagi, kaza kipimo cha mgandamizo, shikilia aksileta wazi kabisa na piga kiki kwa nguvu mara 5 hadi 8 mpaka mshale usipande tena. Aksileta ikiwa imefungwa, silinda haipati hewa na utapata jibu la uongo. Injini nzima ya ukoo huu hutoa kati ya psi 140 na 170. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, hivyo injini ileile iliyosoma 160 Dar es Salaam huku itasoma karibu 140. Usiihukumu kwa hilo. Chini ya 100 ndipo pa kuhangaika. Hapo mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki mara mbili isambae, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda zimekwisha, kwa sababu oili imeziba pengo kwa muda. Ikibaki palepale, hewa inatoroka kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Lakini kabla hujalaumu valvu, seti tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu. Injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua kava la roka na kava la sumaku upande wa kushoto. Zungusha sumaku kinyume cha mshale wa saa mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye kasha. Shika roka zote mbili: zikicheza kidogo, uko kwenye kilele cha mgandamizo; moja ikiwa imekaza, zungusha duara moja zima. Nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Shikilia skrubu isizunguke wakati unakaza nati, kisha pima tena, maana kukaza hubadilisha kipimo. Tapeti iliyobana ndiyo chanzo cha malalamiko ya kila siku: "Fundi, asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto haikai sailensa (haingurumi bila aksileta), ukiizima haiwaki mpaka ipoe." Valvu ikipata joto hurefuka, na isipoachiwa nafasi haifungi.

Mgandamizo ukiwepo, nenda kwenye moto. Nunua plagi mpya, aina ya D8EA au inayolingana nayo, pengo la milimita 0.6 hadi 0.7. Ichomeke kwenye kofia yake, uguse chuma chake kwenye mapezi ya hedi mbali na tundu la plagi, kwa sababu tundu hilo hutema mvuke wa petroli. Fanyia kivulini, jua letu la saa saba hufuta cheche nzuri kabisa. Unatafuta cheche ya bluu inayolia. Ikiwa nyekundu na nyembamba, toa kofia ya plagi, kata sentimita moja ya ncha ya waya wake, irudishe na ujaribu tena. Waya huoza mwishoni.

Kusipokuwa na cheche kabisa, fuata waya kwa utaratibu. CG nyingi za Kichina hupata umeme wa CDI (kisanduku kinachoamuru cheche) moja kwa moja kutoka kwenye sumaku, hivyo betri mbovu haizuii kuwaka. Tafuta kwenye soketi ya CDI waya mweusi wenye mstari mweupe. Huo ndio waya wa kuzimia; swichi ikizimwa, unagusishwa na bodi, yaani chuma cha fremu. Uchomoe. Cheche ikirudi, CDI yako ni nzima na ubovu uko kwenye swichi ya funguo, swichi ya usukani au waya uliochubuka shingoni. Watu wengi wamenunua CDI mbili tatu kwa ubovu wa swichi. Kumbuka tu kwamba bila waya huo pikipiki haizimiki kwa funguo. Urudishe kabla hujaitoa barabarani.

Cheche isiporudi, weka multimeta kwenye omu na pima kutoka kila waya wa koili hadi kwenye bodi, soketi ikiwa imechomolewa. Mweusi wenye mstari mwekundu ni wa koili inayoilisha CDI, nao kwa kawaida husoma kati ya omu 150 na 500. Wa bluu wenye mstari mweupe au njano ni wa kipokea ishara cha nje ya sumaku, karibu omu 100 hadi 200. Kusoma sifuri ni kugusana ndani. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Koili ya plagi yenyewe, upande wa waya mnene bila kofia, ni kati ya omu 3,000 na 10,000. CDI haipimiki kwa omu kwa uhakika. Iazime nzima kwa jirani, yenye soketi ileile, ujaribu kwa dakika moja. CG za zamani kabisa, zile za volti 6, hazina CDI bali platini, ncha mbili zinazogusana na kuachana. Pengo lake ni milimita 0.3 hadi 0.4, safisha ncha kwa msasa laini. Zikitoa cheche kubwa kati yao wakati wa kupiga kiki, kondensa imekufa.

Moto ukipatikana, fanya jaribio la kijiko: nusu kijiko cha chai cha petroli safi ndani ya tundu la plagi, funga plagi, piga kiki. Ikiwaka sekunde mbili tatu ikazima, furahi. Umeshathibitisha kwamba injini, taimingi na moto viko sawa, na kilichobaki ni njia ya mafuta. Hapo ndipo pa kufungua kabureta, si kabla.

Petroli ikikaa miezi hugeuka gundi ya rangi ya asali, na mahali pa kwanza inapoziba ni jeti ndogo ya sailensa. Tundu lake ni jembamba mno; huwezi kulisafisha kwa kulipuliza kwa mdomo. Vua kikombe cha kabureta, toa pini ya boya, boya na sindano yake, kisha toa jeti kubwa na jeti ndogo kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji. Loweka kwenye dawa ya kabureta au petroli safi usiku mmoja. Pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya chuma, utalikuza tundu na pikipiki itakunywa mafuta milele. Tazama jeti ukielekea jua: lazima uone duara safi. Pulizia kompresa kila njia iliyomo kwenye mwili wa kabureta, ukihesabu wapi hewa inaingia na wapi inatokea. Ncha ya sindano ya boya ikiwa na mfereji uliochimbika, badilisha. Ndiyo inayofanya kabureta imwage petroli chini.

Wakati wa kurudisha, klipu ya sindano ya aksileta iwe mfereji wa katikati. Skrubu ya hewa ifunge taratibu hadi iguse, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Injini ikishapata joto, izungushe robo robo mpaka upate mwendo wa juu na mtulivu, halafu shusha sailensa kwa skrubu ya aksileta hadi mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Kwa mwinuko wa Dodoma huhitaji kubadili jeti kubwa kwenye pikipiki ya kawaida. Plagi ikitoka nyeusi na kavu, chunguza kwanza filta na choki. Sailensa ikiwa juu na haishuki, na ekzosi inapasuka ukiachia aksileta, hewa inaingia kati ya kabureta na hedi. Nyunyiza maji kwa chupa ya dawa kwenye maungio hayo injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, badilisha ringi ya mpira na gasketi, na usugue uso wa kabureta kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, kwa sababu waliokaza bolti kupita kiasi huwa wameupinda.

Mpaka hapa tumia chupa ya nusu lita iliyoning'inizwa juu ya kabureta, si tanki. Tanki lina kazi yake. Vua koki, ziba tundu lake kwa bolti na kipande cha tyubu, tia nati ndogo ulizozihesabu, thelathini zinatosha, na lita 3 au 4 za siki nyeupe. Sukasuka, lilaze ubavu mmoja kwa saa sita, geuza, mpaka pande zote nne zipate zamu. Mwaga, hesabu nati zitoke zote. Kisha ua asidi kwa vijiko vitatu vya chakula vya bikabonati ya soda katika lita 2 za maji. Iwe ile ya kupikia. Magadi soda ya kutengenezea sabuni ni kitu kingine, huunguza ngozi na kubandua rangi. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na ukisuuzia hayo tanki litakuwa jekundu tena kabla ya jioni. Lianike juani likiwa wazi; ukavu wa hewa yetu hapa ni msaada. Mara likikauka, zungusha ndani kikombe cha petroli yenye oili kidogo, na uweke chujio la mafuta la kuonekana ndani kwenye mpira.

Safisha pia tundu la hewa la kifuniko cha tanki. Likiziba, pikipiki huenda kilomita chache, inakosa nguvu, inazima, na ukisubiri dakika kumi inawaka kana kwamba haina tatizo. Koili inayokufa kwa joto hufanya vivyo hivyo. Kuzitofautisha, ikizima tu, papo hapo fungua kifuniko usikilize kama hewa inavutwa, kisha pima cheche. Kukiwa na mvuto wa hewa na cheche ipo, ni kifuniko. Cheche ikikosekana na kurudi injini ikipoa, ni umeme.

Kuhusu filta ya hewa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo tofauti kati ya injini inayodumu Dodoma na isiyodumu. Kuanzia Mei hadi Novemba hatuna mvua za maana, upepo unavuma, na ukitoka kwenye lami kuelekea Hombolo au Mvumi unatembea ndani ya vumbi lenye mchanga laini. Mchanga huo ukipita, unakuwa msasa kati ya ringi na silinda. Nikifungua injini inayokula oili, mara nyingi mpira unaounganisha boksi la filta na kabureta huwa umepasuka, au sponji imetolewa kabisa na mtu aliyedhani anaongeza nguvu. Hakuna nguvu inayoongezeka. Mchanganyiko unakuwa mwepesi na silinda inaliwa. Fua sponji kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, ikamue bila kuinyonga, ianike kivulini, itie oili ya injini na uikamue tena hadi ibaki na unyevu tu. Kiangazi fanya hivyo kila wiki kama unapita njia za vumbi. Sponji kavu haikamati kitu. Mpira uliopasuka usiufunge kwa gundi. Joto la injini litaibandua.

Moshi utakuambia kama vumbi limeshafanya kazi yake. Moshi wa bluu unaotoka wakati wa kuwasha tu na kupotea ni sili za valvu. Ukizidi kila unapofungua aksileta, ni ringi na silinda. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe wa asubuhi unaokatika haraka ni unyevu wa ekzosi, uache.

Ikibidi kufungua juu, vua hedi na silinda bila kuteremsha injini nzima, na uzibe shimo la chini kwa kitambaa safi kabla hujatoa klipu ya pini ya pistoni. Klipu ikiruka humo, utapasua injini kuitafuta. Ingiza ringi ya juu ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima pengo la ncha zake: mpya huwa kati ya milimita 0.15 na 0.35, ikifika 0.5 imekwisha. Pitisha ukucha ukutani mwa silinda. Ukikwama kwenye mkwaruzo, ringi mpya peke yake ni hela ya kutupa. Silinda inahitaji kuchongwa.

Nunua pistoni kwanza, ndipo uende kwa fundi wa lethi. Pistoni za ukubwa wa juu hupanda kwa robo milimita, kwa 125 ni: 56.75, 57.00, 57.25 na 57.50. Pima na kipenyo cha pini kwa ile ya zamani uliyoishika mkononi. Dukani wanapokosa, huagizwa Kariakoo na kufika kwa basi, na kilichoagizwa kwa maneno matupu ndicho kinachorudishwa. Mwambie fundi: "Chonga kwa kuifuata pistoni hii, si namba ya kwenye boksi." Nafasi kati yake na silinda iwe milimita 0.02 hadi 0.04. Ikibana zaidi, itashika siku ya kwanza ukipanda na mzigo. Ikilegea, itagonga injini ikiwa ya baridi.

Silinda ikirudi kutoka kwa fundi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, si kwa petroli. Petroli huacha unga wa kuchongea kwenye mikwaruzo. Sugua mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha ipake oili mara moja. Maandishi ya ringi yaangalie juu, mianya yake itengane theluthi ya duara, na alama ya IN ya pistoni ielekee kabureta. Klipu mpya siku zote. Valvu zisage kwa pesti mpaka mstari wa kijivu uzunguke bila kukatika, zifunge na springi zake, mimina petroli kwenye njia zake na usubiri dakika kumi. Kusiwe na tone upande wa pili. Gasketi mpya, kavu. Silikoni inayomwagwa kwenye gasketi ya hedi hutambaa hadi kwenye njia za oili, na roka zikikosa oili huliwa kwa muda mfupi. Nati za hedi kaza kwa msalaba, kwa awamu tatu.

Oili ni lita moja hivi ya 20W-50 iliyoandikwa JASO MA. Klachi ya CG inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za gari zina vilainishi vinavyoifanya iteleze. Unapomwaga, fungua nati kubwa ya chini yenye springi na chujio la waya, uoshe chujio. Kijiti cha oili usikikaze unapopima. Kiweke tu juu ya uzi, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Umeme uliobaki ni mfupi. Betri iliyopumzika isome volti 12.6, na injini ikikimbia isome kati ya 13.5 na 14.8. Ikivuka 15, regyuleta imekufa na itaunguza taa na betri. Betri ya maji iongeze maji ya betri tu, kamwe si ya bomba. Taa zikififia ovyo, kabla ya kununua chochote sugua waya wa kijani pale unapofungwa kwenye fremu. Rangi na kutu vimekata bodi.

Rangi iwe ya mwisho. Nimeona matanki yanayong'aa juu ya pikipiki zisizo na breki, na hilo silikubali. Kitambaa cha breki shuu kikibaki milimita 2, badilisha. Vumbi lake liloweshe kwa maji ya sabuni, usilipulize, kwa kuwa shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Ngoma ina kipimo cha mwisho kilichoandikwa ndani yake, kiheshimu. Tairi lisome tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka: 1815 ni wiki ya 18 ya mwaka 2015. Mpira wa umri huo umekauka hata kama kashata (meno yake) bado ni ndefu. Beringi za magurudumu nunua kwa namba iliyo kwenye ile ya zamani. 6301, kwa mfano, ni tundu la milimita 12, nje 37, upana 12, na uchague zenye 2RS, maana mpira wa pande zote mbili huzuia vumbi. Cheni na sproketi zake mbili hubadilishwa pamoja, na cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati. Mkono wa klachi uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 nchani.

Iliyochongwa silinda isibebe abiria wala kukimbizwa kwa kilomita 500 za mwanzo. Badili mwendo mara kwa mara, na mlima upande kwa gia nyepesi. Zikifika, mwaga oili ikiwa bado ya moto kwenye beseni safi uitazame juani. Mng'aro mwembamba wa unga ni wa kawaida kwa injini inayojizoeza. Vipande vinavyoshikika kwa vidole vinataka kava la klachi lifunguliwe siku hiyohiyo. Injini ikipoa, seti tapeti tena kwa 0.08, maana gasketi imekaa, kisha kagua plagi: kahawia iliyokauka ndiyo unayoitaka, nyeupe ni dalili ya hewa inayovuja mahali, na nyeusi yenye mafuta inakurudisha kwenye ringi.